Kiti cha Pili cha Birika

Gikonyo wa Wamae alikuwa amegombea ubunge mara tatu, na mara zote tatu wananchi walimrudisha dukani kwake Nyeri mjini akaendelee kuuza misumari. Mara ya kwanza alisema ameibiwa. Mara ya pili alisema watu hawakumwelewa. Mara ya tatu hakusema kitu, kwa sababu hata mashemeji zake walikuwa wamempigia mtu mwingine, na alijua. Kwa hiyo ile sheria mpya ya kura mbili ilipopita, Gikonyo alikuwa miongoni mwa watu wachache sana pale Mlimani walioisoma yote hadi ukurasa wa mwisho, kalamu nyekundu mkononi.

Sheria yenyewe ilikuwa hivi. Kila mpiga kura angepewa karatasi mbili. Ya kwanza ni ya kumchagua mtu wa eneo bunge lake, kama zamani. Ya pili ni ya kuchagua chama. Kura za chama zingejumlishwa nchi nzima, na hizo ndizo zingeamua kila chama kinastahili viti vingapi Bungeni. Kama wagombea wa chama wameshinda viti pungufu ya hivyo huko mashinani, basi pengo lingezibwa kwa majina kutoka orodha ya chama, kuanzia jina la kwanza kwenda chini. Watu wa orodha hawakuhitaji kupigiwa kura na mtu anayewajua. Gikonyo alipofika kwenye kifungu hicho alivua miwani, akaipangusa, akasoma tena. Ilikuwa kana kwamba kimeandikwa na mtu aliyemwonea huruma.

Chama chake kilisajiliwa kwa jina la Umoja wa Wakulima na Wafanyabiashara, lakini alama yake ilikuwa birika, na watu wakakiita Birika. Mwenyekiti alikuwa Gikonyo. Jina la kwanza kwenye orodha lilikuwa la Gikonyo. La pili, kwa kuwa sheria ilidai mwanamke, lilikuwa la mkewe, Wakiuru. Wanachama waliponung'unika, mwenyekiti aliwaeleza kwamba chama ni kama nyumba, na nyumba haiwezi kukabidhiwa wageni.

Ili wapate kura za chama, ilibidi pia wasimamishe wagombea katika maeneo bunge kadhaa. Hapo mwenyekiti hakuwa na choyo. Upande wa Kangema alimpa tiketi Mwai, karani wa kituo cha kununulia majani chai, kijana mpole aliyejua jina la kila mkulima na kilo zake. Nanyuki hakupatikana mtu. Mbunge wa huko alikuwa amekaa miaka kumi na watu walimwogopa. Mwishowe akajitokeza Hodan Salad, mwanamke wa miaka thelathini na minne ambaye yeye na baba yake waliuza mbuzi na ng'ombe kwenye soko la mifugo. Gikonyo alitia sahihi tiketi yake bila hata kukaa chini. Alimwambia katibu kwamba Nanyuki chama kinahitaji jina tu kwenye karatasi.

Katibu huyo alikuwa Phyllis, mwalimu mstaafu wa hesabu, mwenye umri wa miaka sitini na saba na goti moja bovu. Alikuwa amewafundisha nusu ya watu wazima wa Nyeri kugawanya kwa njia ndefu, akiwemo Ken, mtoto wa Gikonyo, ambaye hakuelewa. Phyllis aliandika jina la Hodan daftarini, akauliza kama mwenyekiti angependa kwenda kumsaidia kampeni. Mwenyekiti alisema ataangalia.

Hakwenda. Hodan alizunguka peke yake miezi mitatu, boma kwa boma, soko kwa soko, akiongea Kikuyu cha sokoni kwa wakulima, Kisomali kwa wafugaji na Kiswahili kwa wote waliobaki. Gikonyo naye alizunguka Mlima wote akihubiri kura ya pili. Kila jukwaa alisema maneno yale yale: kila kiti ni chetu, kila mgombea wetu ni mtoto wangu, nitalia na nitacheka nao.

Uchaguzi ulifanyika Jumanne moja ya Agosti, katika ule ubaridi wa Nyeri unaofanya watu wavae koti hadi saa sita mchana. Alhamisi asubuhi, ofisi ya Birika, iliyokuwa ghorofani juu ya duka la dawa za mifugo, ilijaa watu na harufu ya makoti yenye unyevu. Kura za chama zilikuwa zimekamilika karibu zote, na Phyllis alikuwa amezipiga mara mbili. Alimwita mwenyekiti kando ya dirisha.

"Viti viwili," alimwambia.

Gikonyo alishika ukingo wa dirisha. Viwili maana yake yeye na Wakiuru. Alimwona tayari mkewe akishuka ngazi za Bunge na ile kofia yake ya harusi za watu. Lakini kabla hajafurahi vizuri, kelele zilizuka chumbani: Mwai ameshinda Kangema, kwa kura elfu tatu. Watu walikumbatiana. Mama mmoja akaanza vigelegele. Gikonyo naye alipiga makofi, tena kwa nguvu kuliko wote, huku akimtazama Phyllis kwa jicho la kuuliza.

"Mlistahili viwili," mwalimu alisema polepole, kama alivyozoea kuwaambia watoto. "Mwai amechukua kimoja. Toa. Orodha imebakiwa na kimoja."

"Ni sawa," alisema Gikonyo. "Mama Ken atangoja." Akaona amejitoa mhanga vya kutosha kwa siku moja.

Saa tano kasoro simu ikalia. Alikuwa Hodan, kutoka kituo cha kujumlisha kura Nanyuki. Sauti yake ilikuwa imekauka kwa kukosa usingizi. Alieleza kwamba vituo vyote vimehesabiwa isipokuwa kimoja, na mbunge wa zamani yuko mbele yake kwa kura mia mbili na kumi na mbili. Kituo kilichobaki kilikuwa cha kijijini. Fomu yake iliingia maji ya mvua njiani, ikafika imevuja wino, na hakuna aliyeweza kusoma tarakimu zake. Msimamizi wa uchaguzi alikuwa ameamua kwamba mawakala wa vyama walete nakala zao kabla ya saa kumi jioni. Zisipoletwa, kituo kitaachwa nje. Wakala wa mpinzani alisema nakala yake imepotea. Wakala wa Birika alisema yake aliituma Nyeri usiku uleule, kwa sababu mwenyekiti alikuwa ametoa amri kwamba karatasi zote za chama lazima zipitie mkononi mwake kwanza.

Hilo lilikuwa kweli. Amri ilikuwa ya Gikonyo mwenyewe na alikuwa amejivunia sana. Phyllis alipekua bahasha mezani, akaipata, akaifungua mbele yake. Hodan Salad, kura mia tatu themanini na nane. Mpinzani, tisini na saba.

Hakuna aliyehitaji kumfanyia Gikonyo hesabu hiyo. Tofauti ilikuwa mia mbili tisini na moja. Karatasi ikifika, Hodan anashinda kwa kura sabini na tisa, Birika inakuwa na wabunge wawili wa mashinani, na orodha haipati kitu. Karatasi isipofika, Hodan anashindwa, na Gikonyo wa Wamae, baada ya miaka ishirini, anakuwa mheshimiwa.

"Nitaipeleka mimi mwenyewe," alitangaza. Ofisi nzima ikampigia makofi.

Phyllis aliirudisha fomu kwenye bahasha, akaifunga kwa gundi, akachukua mwavuli wake. Alisema atamsindikiza.

Kutoka Nyeri hadi Nanyuki ni mwendo wa saa moja kwa mtu asiye na haraka. Waliondoka saa tano na nusu. Kufikia Kiganjo, ambako hata kiti cha gari hakijapata joto, Gikonyo alisema anasikia njaa. Alisimamisha gari mbele ya hoteli ndogo kando ya barabara. Makurutu wa chuo cha polisi walikuwa wakipita mbio katika manyunyu, wakiimba, na aliwatazama kwa huruma, kama mtu atakayewazungumzia siku moja Bungeni.

Aliagiza chai na chapati mbili. Phyllis alikaa mkabala naye, bahasha mapajani, hakuagiza kitu. Habari za viti viwili zilikuwa zimeshafika Kiganjo, na kwa kuwa watu waliijua orodha kuliko walivyoijua sheria, walianza kuja mezani kumpa mkono. Walimwita mheshimiwa. Neno hilo lilimwingia kama chai ya tangawizi. Mwanamume mmoja aliomba barabara ya kijijini iwekwe changarawe ya murami, Gikonyo akakubali. Wengine walitaka maji, akawapa matangi mawili. Mama mwenye hoteli alikuwa na binti aliyemaliza chuo, na kufikia saa saba binti huyo alikuwa ameajiriwa katika ofisi isiyokuwepo. Chai ilizidi kuletwa. Gikonyo hakuwa amewahi kutawala kwa raha namna ile.

Saa saba na nusu Hodan alipiga simu tena. Gikonyo aliiangalia ikilia, kisha akaona Phyllis anaiangalia pia, akapokea.

"Tuko njiani," alisema. "Tumepita Naro Moru." Naro Moru ilikuwa bado mbali mbele yao.

"Pole na safari, mzee," Hodan alimjibu. "Msikimbize gari, nimesikia huko kuna mvua na barabara inateleza. Sisi tutangoja tu. Nimewaambia watu watulie, mwenyekiti ndiye anakuja na karatasi."

Gikonyo aliweka simu mezani kifudifudi. Kwa muda hakuwa na hamu ya chai. Alimwambia Phyllis, bila kuulizwa, kwamba gari lilikuwa limepata joto jingi na lazima lipumzike. Phyllis alisema gari halijaenda hata kilomita kumi na tano. Mtu mwingine akaja kuomba zahanati.

Ilipofika saa nane na robo Gikonyo aliagiza kikombe cha sita. Phyllis alisimama.

"Baba Ken, hii hesabu nilikupigia mimi," alisema. "Kwa hivyo usidhani sijui unangoja nini."

Alifungua mwavuli, akaikumbatia bahasha kifuani na kutoka. Kupitia dirishani Gikonyo alimwona akishika barabara ya Nanyuki kwa miguu, akichechemea, mguu mzuri ukitangulia na ule mbovu ukifuata. Zilikuwa zimebaki kilomita karibu hamsini. Alijisemea kwamba atachoka na kurudi. Phyllis hakugeuka. Mama mwenye hoteli alikuja akasimama kando ya Gikonyo, akauliza kama yule si mwalimu aliyekuja naye, na mbona mheshimiwa anamwacha mama mzee atembee kwenye mvua. Na wale wote waliokuwa wamepewa barabara na matangi wakageuka kumtazama.

Baadaye Gikonyo alijiuliza mara nyingi ni nini hasa kilichomwinua kutoka kwenye kiti kile. Alipenda kufikiri ni dhamira. Siku nyingine, akiwa mkweli, alikiri kwamba alishindwa tu kukaa watu wakimtazama hivyo. Vyovyote iwavyo, aliacha kikombe nusu, akawasha gari, akamkuta Phyllis amekwenda kama nusu kilomita. Mwalimu aliingia, akakunja mwavuli. Kuanzia hapo mvua iliwalazimisha kwenda polepole hadi mlima ulipojitokeza upande wa kulia, umejifunika mawingu hadi kiunoni, na mabati ya Nanyuki yakaonekana.

Walifika saa kumi kasoro dakika kumi na mbili. Nje ya kituo kulikuwa na umati: wakulima wa viazi, akina mama wenye mitandio mirefu, wazee wa soko la mifugo wamesimama na fimbo zao, na mbele ya wote baba yake Hodan, mzee Salad, aliyekuwa akitazama barabara tangu adhuhuri. Phyllis alikabidhi bahasha mbele ya mawakala wote. Msimamizi aliikagua, akalinganisha sahihi na zile zilizosomeka kwenye fomu iliyolowa, na saa kumi na nusu akasoma matokeo. Hodan Salad alikuwa amechaguliwa mbunge kwa tofauti ya kura sabini na tisa.

Watu walimbeba Hodan. Kisha mtu akapaza sauti kwamba mwenyekiti ndiye aliyeokoa kura, wakambeba na yeye. Juu ya mabega ya wauza mbuzi, akizungushwa uwanja mzima, Gikonyo alianza kulia. Alilia kwa uchungu wa kweli, kamasi na yote, na kila aliyemwona alisema hajawahi kuona kiongozi anayefurahia ushindi wa wengine namna ile. Picha hiyo ilitoka gazetini.

Miezi iliyofuata ilikuwa ya mateso ya aina yake. Wakiuru alikuwa amekwisha kuwaaga akina mama wa kanisa, na sasa ilimbidi awaamkie tena kila Jumapili. Dukani wateja walimpa mumewe mkono kwa heshima kabla ya kuulizia simiti. Mzee Salad alimletea kondoo dume, akamwambia kwamba Nanyuki haitasahau. Hodan, katika hotuba yake ya kwanza Bungeni, alimtaja kwa jina: mzee aliyeacha kiti chake mwenyewe akaendesha gari kwenye mvua kumletea mwingine haki yake. Gikonyo alikuwa akiitazama hotuba hiyo kwenye runinga pamoja na majirani. Alitoka nje akasema anaenda kufungia ng'ombe. Ng'ombe walikuwa wamefungiwa.

Lakini mbunge aliyeshindwa hakulala. Alifungua kesi mahakamani Nyeri, akidai kwamba ile nakala ilichezewa njiani. Hoja yake ilikuwa nyepesi na nzuri. Karatasi iliondoka Nyeri saa tano na nusu, ikafika Nanyuki karibu saa kumi. Saa nne na zaidi kwa safari ya saa moja. Ilikuwa wapi? Ilikuwa ikifanywa nini?

Wakili wa chama alimwita Gikonyo ofisini kwake, akamuuliza swali hilohilo. Gikonyo alikohoa. Wakili alikuwa mtu mzima aliyeona mengi, hakungoja jibu. Alisema barabara zetu zinajulikana, tairi hupasuka, spea huwa haina upepo, na hakuna jaji asiyelijua jambo hilo.

Jioni hiyo Gikonyo alimpitia Phyllis, akamwambia kuhusu tairi. Phyllis alikuwa akichambua maharagwe barazani. Alisema yeye hakuona tairi likipasuka siku ile.

"Ukisema tairi, mimi nitasema chai," alimwambia. "Sina njia ingine. Nimefundisha watoto miaka thelathini na sita."

Basi Gikonyo akaenda nyumbani kumsimulia Wakiuru, akidhani anampelekea balaa. Wakiuru alisikiliza hadi mwisho, akaacha kukoroga uji. Yeye pia alikuwa amesoma sheria, tangu jina lake lilipoandikwa pale. Alisema, mbona hilo ni jambo jema. Gikonyo aseme tairi. Mwalimu aseme chai. Mashahidi wa upande mmoja wakigongana, jaji ataona karatasi haiaminiki, atafuta ushindi wa Hodan, na hesabu itapigwa upya. Birika itabakiwa na Mwai peke yake, na kiti cha pili kitarudi kwenye orodha.

"Wewe utakuwa umetetea chama," alimwambia, "na utakuwa umeingia Bunge. Mwalimu ndiye ataonekana mbaya. Kuna shida gani hapo?"

Gikonyo aligeuza jambo hilo usiku kucha na hakuona shida. Uongo ungempa heshima na ungempa kiti. Ukweli usingempa chochote isipokuwa aibu. Aliamka ameamua, akachagua tairi la nyuma la kushoto.

Siku ya ushahidi mahakama ilifurika. Watu wa Kangema walikuja kwa ajili ya chama, wa Nanyuki kwa ajili ya Hodan, na wa Nyeri kwa sababu kulikuwa na baridi na kuingia ni bure. Gikonyo alivaa suti aliyoshonesha kwa ajili ya kuapishwa. Aliapa juu ya Biblia, akakaa, na wakili wa mlalamikaji, mtu mwembamba mwenye sauti ya upole, akaanza kumuuliza mambo madogo madogo. Waliondoka saa ngapi. Gari lilikuwa la nani. Mafuta yalikuwepo. Kisha akauliza kilichowachelewesha.

Gikonyo alifungua kinywa. Kwenye benchi la mbele alimwona Hodan akimtazama, mikono kifuani, na alipoona amesita akamwitikia kwa kichwa kumpa moyo, kama mtu anavyomtia moyo mzazi wake mbele ya watu wakubwa. Alikuwa akimwamini. Katika watu wote waliomwita mwenyekiti kwa miaka mingi, ilimjia kwamba huyu ndiye peke yake aliyekuwa akimwamini kabisa, na kwamba Hodan alikuwa amekosea.

"Tulisimama Kiganjo," alisema. "Nilikuwa nakunywa chai."

"Chai," wakili alirudia. "Kwa saa mbili na nusu?"

"Vikombe sita. Cha sita sikumaliza."

Watu walicheka. Jaji alitazama juu, wakanyamaza. Wakili alitabasamu kama mtu aliyeokota kitu barabarani, akauliza mwenyekiti wa chama anawezaje kukaa kunywa chai huku mgombea wake anangojewa na saa inakwenda.

"Kwa sababu sikutaka kufika," alisema Gikonyo.

Akaeleza yote. Alieleza habari ya viti viwili, na Mwai, na jina lake juu ya orodha. Alisema Hodan akishinda yeye hakuwa na chake, na kwa hiyo alikuwa akingoja saa kumi ipite. Alisema bahasha ilikuwa mapajani mwa mwalimu muda wote na kwamba mwalimu alitoka kwenda kwa miguu. Alisema alimwambia Hodan yuko Naro Moru akiwa Kiganjo. Hata matangi mawili aliyataja. Sauti yake haikupanda wala haikushuka. Alipomaliza, Wakiuru alikuwa ameinamisha kofia yake usoni.

Phyllis alipanda baada yake, akasema chai, akashuka.

Hukumu ilitoka baada ya wiki tatu. Jaji aliandika kwamba katika miaka yake yote hajawahi kupata shahidi aliyejieleza kuwa mbaya kiasi kile bila kulazimishwa. Lakini ubaya huo huo ndio uliomaliza kesi. Mtu aliyetamani karatasi isifike kabisa, alisema jaji, hawezi kuwa ndiye aliyeiongezea kura ili mwenzake ashinde. Angekuwa na nia ya kuichezea, angezipunguza. Karatasi ilikuwa safi. Hodan Salad alikuwa amechaguliwa kihalali.

Mlima wote ulicheka kwa mwezi mzima. Gikonyo akapewa jina la Vikombe Sita, na watoto wa shule walilitamka wakipita mbele ya duka. Kamati kuu ya Birika ilikutana kwa dharura ikamvua uenyekiti, kwa kosa la kukiaibisha chama. Mjumbe mmoja alieleza kwamba kuchelewesha karatasi kungeweza kusameheka, hayo ni mambo ya siasa, lakini kwenda kuyasema mbele ya jaji ni utovu wa nidhamu. Walimchagua Phyllis, ambaye alianza kwa kuipanga orodha upya kwa kura ya siri, na watatu kati ya wajumbe waliompigia kura wakajuta siku hiyohiyo, majina yao yaliposhuka. Vyama vingine navyo vilimkwepa Gikonyo kama mgonjwa, vikihofia kwamba jambo lenyewe huambukiza.

Hodan hakuonekana kwa muda. Alikuja Jumamosi moja, mwenyewe, akiwa amevaa koti zito juu ya mtandio, akasimama mbele ya kaunta hadi mteja mwenye kopo la rangi alipoondoka. Gikonyo alimkaribisha chai, akalisikia neno lenyewe likimtoka, akatamani kulirudisha. Hodan hakucheka. Alimwambia kwamba alikasirika sana, kwamba baba yake alitaka kuja kudai kondoo wake, na kwamba yeye mwenyewe alikuwa amekuja kuuliza swali moja tu.

"Kama mwalimu hangetoka atembee," alisema, "ungekuja?"

Gikonyo alipanga upya makufuli yaliyokuwa juu ya kaunta. Aliona jibu zuri, akaona na la pili lililo zuri zaidi.

"Sijui," alisema. "Nafikiri hapana."

Hodan alivuta kiti cha mbao kilichokuwa karibu na magunia ya simiti, akakaa, na akaanza kumuulizia bei ya mabati, kwa kuwa wauza mbuzi wa Nanyuki walikuwa wamechoka kunyeshewa sokoni na alitaka kuwajengea kibanda. Walipatana kwa nusu saa, kwa ukali, kama watu wasiodaiana fadhila. Alipoondoka alimpa mkono, lakini hakumwita mzee.

Wakiuru alikaa siku tisa bila kuongea na mumewe. Siku ya kumi, akirudi kanisani, alimwambia kwamba akina mama walikuwa wamemzunguka baada ya ibada, na yeye akajiandaa kwa matusi. Kumbe walitaka kujua kama Baba Ken angeweza kuja siku moja kuongea na waume zao kuhusu kukiri makosa.

"Na uliwaambia nini?" aliuliza Gikonyo.

"Niliwaambia hauko," alisema Wakiuru, akaenda kuvua kofia.